Friji Iliyonifikisha Kakuma

Niliondoka Lodwar kwa sababu kuna mtoto alizaliwa Kakuma wakampa jina langu. Anayeona sababu hiyo ni ndogo, basi hajawahi kupata wajina. Rafiki yangu Rebeka, mama wa Sudan Kusini niliyeuza naye mitumba meza moja kwa miaka mingi, alinipigia simu akasema binti yake amejifungua msichana, na Jumapili anabatizwa Rasoa. Mimi ndiye wa kumbeba mbele ya kanisa. Nisipofika, akasema, watanigoja hata mwaka mzima. Nikamwambia wakinigoja huyo mtoto ataenda kubatizwa kwa miguu yake mwenyewe.

Sikuwa natania. Mimi ni mtu wa sukari. Najidunga sindano asubuhi na jioni, na dawa yenyewe inataka baridi kuliko askofu anavyotaka heshima. Mara ya mwisho kulala nje nilienda matanga Lokichar, dawa nimeitia kwenye chupa ya chai pamoja na barafu. Barafu iliyeyuka hata kabla ya mahubiri. Dawa ikaharibika, nami nikaendelea kujidunga bila kujua. Nilirudishwa Lodwar nimelazwa nyuma ya pikapu kama mbuzi wa mnada. Tangu siku hiyo mwanangu Simiyu aliweka sheria kwamba mama halali nje. Matanga, harusi, mikutano ya akina mama wa kanisa, yote nilisimuliwa na wenzangu waliokwenda.

Sasa nimtaje mjukuu wangu, maana bila yeye hakuna safari. Anaitwa Akiru, binti wa Simiyu. Mama yake ni Mturkana, na mimi niliolewa huku kutoka Kimilili, kwa hiyo mtoto amechukua urefu wa kwao na mdomo wa kwetu. Akiru anaendesha watalii. Ana Landikruza yake mwenyewe, kuukuu lakini yenye nguvu za punda jike, na anawapeleka wageni Nariokotome kule mifupa ya watu wa kale ilikochimbwa, halafu anawashusha ziwani. Alipoanza, wanaume wa mjini walimwambia gari hilo litamfia mchangani. Siku hizi ndio wanaompigia simu magari yao yakizama.

Wageni wake walikuwa wakilalamika. Maji moto, nyama imenuka, siagi imekuwa mafuta ya taa. Ndipo Akiru akanunua friji ya gari, sanduku la kijivu lenye urefu wa sanduku la bati la mwanafunzi, mfuniko wake uko juu, na pembeni kuna kioo kidogo kinachoandika baridi imefika ngapi. Lilipofika nyumbani nililifungua nikaingiza kichwa nione ndani.

"Nyanya, toa kichwa," Akiru akasema. "Hiyo si dirisha."

Nikamwambia humu ndimo dawa yangu italala, na mimi nitalala Kakuma.

Simiyu alikunja uso. Sista wa kliniki alishatuambia dawa ikae kati ya digrii mbili na nane, ikiganda imekufa na ikipata joto imekufa. Mwanangu si mtu wa maneno mengi. Alisema nendeni, lakini njiani kile kioo kikipita nane, gari linageuzwa palepale, hata kama Kakuma mnaiona kwa macho. Akiru akakubali. Mimi sikuulizwa, lakini nilikubali pia.

Ijumaa, uani kwetu Lodwar. Fundi Ekal alikuja kuifunga friji. Ekal ni fundi wa umeme wa magari, mtu mwembamba anayependa kuimba akiwa chini ya gari. Ubishi ulianza kabla ya spana. Akiru alitaka friji ikae nyuma kabisa karibu na mlango wa mizigo, ili mgeni akitaka soda asipande gari. Ekal akasema nyuma kabisa ndiko gari linakorusha, kila kitu kitachapwa. Mimi nilipanda nikakaa kiti cha nyuma, nikainua mkono, nikawaambia popote mtakapoiweka, mfuniko ufunguke wote, maana friji isiyofunguka ni kiti. Wakajaribu mahali pao pa kwanza, mfuniko ukagonga vyuma vya kubebea mahema. Wote wawili wakaniangalia. Nikaangalia pembeni kama mtu asiyesema kitu.

Mwishoni ilikaa upande wa kushoto, nyuma tu ya kiti changu. Ekal alikata ubao mnene, akautoboa, akatoboa na sakafu ya gari. Akaingia chini, tukabaki tunaona miguu yake tu. Mimi nilishika vichwa vya boliti kwa juu ili visizunguke, yeye akakaza nati kwa chini akiimba. Boliti ziko nne, kila moja na washa, kile kipete kipana cha chuma, ili isile bati. Kisha friji ikakalishwa juu ya ubao na kufungwa kwa mikanda. Ekal alitoka, akashika friji kwa mikono miwili, akaitikisa. Lilitikisika gari zima.

Umeme nao ulikuwa na kazi yake. Mimi nilidhani watachomeka pale watu wanapochajia simu wakamaliza. Ekal akacheka. Alifunga betri ya pili mbele kando ya ile ya gari, akavuta waya mnene mwekundu chini ya zulia hadi nyuma, akatia fyuzi karibu na betri, akaweka na kidude cha kuzitenganisha betri hizo injini ikizimwa.

"Hii friji ikimaliza chakula yake," akanieleza, "isikule ya gari. Asubuhi gari inataka kuamka."

Hilo nililielewa kuliko mengi niliyofundishwa shuleni, na shuleni sikukaa sana. Halafu akaonyesha nafasi aliyoiacha kati ya friji na ukuta wa gari, upana wa kiganja, akasema hapo tusisukume mizigo. Nikaitikia. Usiku huo friji ililala ikifanya kazi, imejazwa chupa za maji, na dawa yangu katikati ndani ya kopo, imeviringwa kitambaa isiguse ukuta ikaganda.

Jumamosi asubuhi, kutoka Lodwar. Kioo kilisema nne. Simiyu alikiangalia, akaangalia matairi, akakiangalia tena. Wakati Akiru anapima hewa, mimi nilikwenda nyuma ya jiko nikachukua gunia langu, nikaliloweka, nikaizungushia friji pande zote, kioo tu nikakiacha wazi, vizuri kama mtoto mchanga. Kando yake nikapanga mablanketi na zawadi za Rebeka.

Msinicheke bado. Nilipokuja Lodwar nikiwa bibi arusi, nilikuwa nakunywa maji ya moto kama supu, mpaka jirani yangu Mturkana aliponihurumia. Akanifundisha kuufunga mtungi kwa gunia, kulimwagia maji, kuuweka penye upepo. Jua linapigana na gunia, na wewe unakunywa baridi. Nimelea watoto sita kwa maji ya gunia. Sasa mtu ananiletea sanduku la baridi, analiacha uchi kwenye jua la Turkana. Ningekuwa mama wa namna gani?

Barabarani. Lami ni nzuri siku hizi, gari linakimbia hata meno hayagongani. Kulia na kushoto ni mawe meusi, kama shetani alimwaga makaa akasahau kuyazoa. Ngamia wanavuka taratibu kama wazee wa kamati. Na kila baada ya mwendo kidogo anasimama mama kando ya barabara, shanga zimefika kidevuni, ameinua mtungi mtupu juu. Huku kwetu mtu akiinua mtungi, dereva anasimama, hata awe na haraka ya nani. Akiru amezaliwa kwenye desturi hiyo, hakuniuliza. Alisimama, nikafungua mfuniko, nikatoa chupa.

Mama wa kwanza tulisalimiana ejok, akanywa, akashika meno yake, akaniuliza mvua ya mawe imenyesha wapi. Nikamwambia imenyesha ndani ya gari la mjukuu wangu. Sitaficha, nilijisikia malkia. Tukasimama tena mbele, na tena, na kila mara nikafungua mfuniko kwa madaha.

Akiru alikuwa akinituma nisome kioo. Tano, nikamwambia. Baadaye sita. Akasema ni kwa sababu naufungua mfuniko kama mlango wa duka. Nikamwambia ni kwa sababu anaendesha kama anafukuzwa. Kilipofika saba tuliacha kutaniana. Kilipoandika nane, alitoka barabarani polepole, akasimamisha gari chini ya mgunga kando ya laga, ule mto wetu wa mchanga usio na maji. Injini hakuizima.

Nikaona sura ya mtoto nisiyewahi kumwona, ananyoosha mikono kwa nyanya mwingine wa kuazima.

"Baba alisema nane," Akiru akasema.

"Alisema ikipita. Haijapita."

Alishuka akafungua nyuma, akaanza kutoa mablanketi. Akagusa ubavu wa friji akarudisha mkono haraka. Ilikuwa moto kama kikaango cha chapati. Gunia lenyewe lilikuwa limekauka zamani, limekuwa gumu kama ngozi ya mbuzi.

"Nyanya, hii ni nini?"

"Ni gunia."

"Naona ni gunia. Linafanya nini hapa?"

"Linapoza."

Mjukuu wangu aliweka paji la uso kwenye mlango wa gari. Nilidhani analia. Alikuwa anacheka, anacheka hadi akaketi mchangani. Kisha akanivuta mkono akanionyesha vitundu vyembamba pembeni mwa friji, na feni inayozunguka ndani yake. Baridi haitoki hewani, akanieleza. Friji inalitoa joto ndani na kulitema nje kupitia pale. Ule upana wa kiganja Ekal aliouacha ulikuwa wa kupumulia.

"Umeiziba pua, Nyanya. Imekuwa ikijipika yenyewe tangu Lodwar."

Nikamwambia mtungi hauna pua, nitajuaje? Lakini ukweli niliuona. Mimi ndiye niliyetaka safari hii kuliko wote, na mikono yangu ndiyo iliyokuwa ikiniua.

Tukatoa gunia, tukafungua milango yote, upepo ukapita. Kioo kikabaki nane. Tukangoja, nane. Akiru akazunguka gari. Nikaomba Mungu, maneno machache, maana Yeye anaijua sukari yangu.

Ndipo akaja mama na mbuzi wake, kutoka upande wa laga, mkononi ana mtungi mtupu. Hata hakuuinua. Alitusalimia akasimama akingoja, kwa sababu anajua desturi kama tunavyoijua sisi. Akiru akaniangalia. Chupa zote za baridi ziko ndani, na mfuniko ukifunguliwa sasa, hiyo nane inaweza kuruka ikawa tisa. Tisa ni Lodwar. Lakini nimnyime mtu maji, chini ya jua hilo, nikabembeleze namba?

Nikakumbuka tuna mtungi wa maji ya kupikia nyuma, maji ya kawaida, ya moto kwa sababu ya jua. Nikamjazia ule wake, nikamwomba radhi kwa Kiturkana changu kibovu kwamba leo sina baridi. Akasema maji ya moto anayajua tangu tumboni kwa mamake, akanywa. Halafu akaona lile gunia limetupwa chini. Akaliokota, akalikung'uta, akauliza kwa nini tunatupa kitu cha maana. Bila kungoja jibu akachukua kikombe, akalilowesha kwa maji yetu, akaufunga mtungi wetu wa kupikia kwa mafundo ya haraka, akauning'iniza nje penye upepo, kwenye chuma cha gurudumu la akiba. Kisha akaondoka na mbuzi wake.

Akiru akasema hapo sasa ndipo mahali pake. Nilikuwa nakodolea macho kioo. Kiliandika saba.

Hatukushangilia, tuliogopa kukishtua. Tulingoja mpaka kikaandika sita, ndipo Akiru akanifungia mkanda kama mtoto, tukarudi barabarani. Kila mtungi ulioinuliwa mbele yetu ulipata maji ya gunia, na yalikuwa yameanza kupoa.

Kakuma, jua likiwa juu. Mabati yanawaka, maduka yamebanana, huyu anakuita kwa Kisomali, yule kwa Kiswahili cha Kongo, vijana wanaongea Sheng ambayo hata Nairobi ingeuliza tafsiri. Rebeka alikuwa ameketi kwenye kiti cha plastiki mlangoni, mrefu hata akiwa ameketi, magoti yake mabaya yamenyooshwa mbele.

"Ya Rasoa," akaniita kwa Kiarabu chao, "wewe umezeeka."

Nikamwambia na yeye sauti haijazeeka, hiyo ndiyo hasara. Tulishikana pale muda mrefu, hakuna aliyetaka kuachia kwanza. Kisha akanitupia mtoto mikononi. Mweusi wa kung'aa, mashavu mawili, amelala, hana habari na mtu. Nikamwambia, ejok, Rasoa. Akapiga miayo. Basi nikajua ni wajina wangu, maana hata mimi sishtushwi na wageni.

Habari ya friji ilitangulia kuliko chai. Majirani walikuja kulitazama gari, kila mmoja na kitu chake cha kuomba kipoe. Huyu ana maziwa, yule ana samaki, mwingine soda za kesho. Akiru anapenda watu, angejaza. Rebeka aliagiza fimbo yake ya kutembelea, akahamisha kiti mpaka kando ya gari, akaketi na fimbo magotini.

"Hii sanduku ya dawa ya habuba," akawaambia. Habuba kwao ni nyanya. "Samaki yako si mgonjwa. Peleka nyumbani upike."

Alikaa hapo hadi jioni, akicheka na kila mtu na kumfukuza kila mtu. Mwenye soda mmoja alirudi mara ya pili akiwa amezificha ndani ya shali. Rebeka alimwomba amkumbatie, chupa zikagongana, akafukuzwa pamoja na shali yake.

Kulikuwa na jaribio moja limebaki. Gari lingelala limezimwa, na betri ya pili peke yake ndiyo ingeilisha friji mpaka asubuhi. Nilijidunga, nikala asida, ugali wao, na mchuzi, nikalala kitanda kisicho changu. Wenzangu mnaolala popote, hamjui utamu wake.

Jumapili asubuhi, Kakuma. Niliamka nikaenda moja kwa moja kwenye gari, leso kichwani, bila viatu. Akiru alikuwa amefika kabla yangu, amesimama akikiziba kioo kwa mgongo wake, uso umenuna. Kisha akasogea. Kioo kilisema nne. Nilimpiga kofi la mgongo ambalo naamini bado analisikia. Akawasha gari, likaamka mara moja.

Kanisa lilijaa ngoma. Akina mama wa Sudan wanaimba kama wanasukuma ukuta, na mimi nikasukuma nao bila kujua maneno. Mchungaji aliita jina, nikasimama na mtoto, nikatembea mbele taratibu ili nionekane vizuri. Aliuliza mtoto huyu anaitwa nani. Mimi nimetaja jina hilo kwa karani, kwa sista, kwa polisi wa kizuizi cha barabarani, siku zote nikilitaja nijieleze. Siku hiyo nilimtajia mtu mwingine.

"Rasoa," nikasema.

Maji yalipomgusa alipiga yowe lililonyamazisha ngoma. Rebeka, kutoka benchi la mbele, akasema kwa sauti kubwa kwamba jina limeshika.

Jumatatu alasiri, kurudi. Rebeka alitupatia kisra, mikate yao myembamba kama karatasi, tuipeleke nyumbani, na Akiru akaiweka kwenye friji mwenyewe, kando ya kopo langu, kwa ruhusa yangu. Mtungi wa gunia ulijazwa ukaning'inizwa. Njiani tulisimama kwa kila aliyesimama, na mfuniko ulifunguliwa mara moja tu, saa yangu ya sindano ilipofika. Pembeni mwa friji hapakuwa na kitu ila hewa. Nilikuwa nageuka kila mara kuhakikisha, mpaka Akiru akasema shingo yangu itahitaji mafuta.

Lodwar, nyumbani. Simiyu alikuwa langoni. Hakuuliza habari za mtoto wala za Rebeka. Aliuliza kioo kilifika ngapi. Akiru akaangalia matairi. Nikasema mimi: kilifika nane, kikakaa, kikarudi, hakikupita, na sababu ni gunia langu. Nikamweleza yote, mpaka yule mama wa mbuzi. Mwanangu alijitahidi kukasirika, lakini kicheko kilimtoka kupitia puani. Alizunguka nyuma ya gari, akainama, akasoma nne kwa macho yake, akajaribu kuitikisa friji. Lilitikisika gari zima. Akaniuliza, kama mtu anayeuliza hali ya hewa, mara ya pili nataka kwenda wapi.

Basi nililojifunza ni hili. Miaka yote hiyo nilidhani sukari imenifungia nyumbani, nami nikakubali, nikawa mtu wa kusimuliwa. Kumbe sukari ilinifunga kwenye baridi tu, na baridi ni kitu cha kubebeka, mradi ukifunge imara na ukiache kipumue. Gunia ni la mtungi na pumzi ni ya friji, na mimi ni wa barabara kama kawaida yangu ya zamani. Wiki ijayo Akiru ana wageni wanaokwenda Lowarengak kwa wavuvi. Nimeshamwambia kopo langu linaingia kwanza, bia zao zitajipanga juu yake.